Jino la thao tatu tunalingoja lifike thao thelathini: Mbona Wakenya huenda kwa daktari wa meno kung'oa tu?

Saa nane usiku. Mtaa mzima umelala, hata mbwa wa jirani amechoka kubweka, lakini wewe uko macho umeshika shavu. Umejaribu karafuu. Umesukutua na maji ya chumvi. Umemeza Panadol mbili na ya tatu unaiangalia kwa tamaa. Kuna mse kwa grupu ya WhatsApp alisema uweke pamba yenye chang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu umjue, unaona kama huyo mse ana akili.

Kukikucha uko kwa laini ya kliniki ya meno, hospitali ya kaunti. Kila mtu pale ameinamisha kichwa upande mmoja na hakuna anayepiga stori. Zamu yako ikifika daktari anaangalia, anagonga gonga jino na kichuma chake, halafu anakuambia, "Hili linaweza kuokolewa. Tuliokoe ama tung'oe?" Wewe, na buda aliyekutangulia, na yule mathe wa nyuma yako, nyote mnajibu kitu kimoja.

"Daktari, toa tu."

Mimi nilijibu hivyo 2019. Jino la chini, upande wa kulia, la pili kutoka mwisho. Nilikuwa na thao mbili kwa M-Pesa na kibarua kilichokuwa kinaningoja saa sita. Nilitoka pale nikiuma pamba, nikafika kazini, nikaona nimeokoa pesa. Miaka imepita na sasa najua nilichofanya siku hiyo, na najua pia kwamba sikuwa mjinga. Kila kitu kilichonizunguka kilikuwa kimenisukuma hadi pale.

Hiyo ndio stori ambayo hatuambiwi. Kila mwaka Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tunaambiwa tupige mswaki, tunapewa dawa ya meno ya bure, picha inapigwa, watu wanaenda nyumbani. Kupiga mswaki ni muhimu, hakuna anayebisha. Lakini shida yetu kubwa iko kwa saa. Tunafika tukiwa tumechelewa, na huduma zenyewe zimepangwa kana kwamba kuchelewa ndio kawaida.

Jino huanza kufa kimyakimya

Jino likianza kuoza haliumi. Ule ugumba wa nje, ule mweupe ulio mgumu kuliko mfupa, hauna neva hata moja. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari uliyobakisha, wanatoa asidi, asidi inalainisha huo ugumba, na wewe unaona kadoa tu, keupe kama chaki ama ka kahawia. Husikii kitu. Ungeenda hiyo siku, daktari angesafisha, angeziba, na ungetoka kabla ya lanchi.

Hatua ya pili, tundu limefika tabaka la ndani. Maji baridi yanakuchoma, mabuyu yanakuchoma. Mkenya wa kawaida hapa hufanya nini? Anahamia upande wa pili wa kutafuna. Anaishi hivyo hata mwaka mzima.

Hatua ya tatu, bakteria wamefika kwa neva. Hii ndio ile ya saa nane usiku.

Hatua ya nne ndio inadanganya watu wengi zaidi. Maumivu yanaisha. Ghafla tu, yameenda. Mse anaambia wasee kwa stage kwamba jino lilipona lenyewe, pengine ni ile karafuu. Buda, halijapona. Neva imekufa, na sasa usaha unajikusanya kwenye mzizi ukitafuta njia ya kutoka.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha tuko wengi kwa hii safari. Karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na jino lililooza, na kwa watu wazima ni kama 1 kati ya 3. Kuhusu ufizi kutoa damu, hapo ilikuwa karibu kila mtu mzima aliyepimwa. Na sio sisi pekee. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kwenye ripoti yake ya 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu kama bilioni 3.5 duniani.

Sasa weka bei kando ya hizo hatua uone. Kliniki hutofautiana, lakini kwa kliniki za kibinafsi za kawaida Nairobi, kuziba jino utaambiwa kitu kama thao tatu hadi sita. Ukingoja hadi neva ioze, unahitaji rut kanali, yaani kusafisha ndani ya mzizi na kuuziba. Hiyo inaanza kama thao nane na inaweza kufika ishirini. Jino la nyuma likishafanyiwa hivyo mara nyingi linahitaji krauni, ile kofia ya kulifunika lisivunjike, na hiyo ni thao kumi na tano kuendelea. Jumlisha mwenyewe. Jino la thao tatu limefika thao thelathini, na ni lile lile jino.

Kung'oa je? Thao moja na nusu hadi tatu. Hospitali ya serikali ni ya chini zaidi, mia kadhaa tu.

Hesabu ya mse wa boda

Kabla hujamcheka mtu aliyeng'oa jino ambalo lingeokolewa, keti chini upige hesabu kama yeye.

Chukulia mse wa boda. Siku ikiwa poa anaunda thao moja, na hapo bado hajatoa pesa ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Rut kanali sio kitu cha kuingia mara moja. Mara nyingi ni kurudi mara mbili ama tatu, na kila safari ni asubuhi nzima ya laini, kiti, sindano, na mdomo uliokufa ganzi hadi saa nane. Hizo ni siku tatu bila kazi, juu ya bili. Kung'oa ni dakika ishirini na jioni amerudi stage.

Mama mboga naye? Akifunga kibanda siku moja, nyanya zinaoza. Mfanyakazi wa nyumbani? Akiomba ruhusa mara tatu kwa mwezi kwa sababu ya jino moja, mdosi anaanza kutafuta mwingine. Watu wanaosema "Wakenya hawajali meno yao" huwa ni wale ambao mshahara wao unaingia hata wakiwa kwa kiti cha daktari.

Shida ni kwamba hiyo hesabu ya siku moja ni sawa, lakini ya miaka mitano sio sawa. Jino likitoka, kazi haijaisha. Yale ya kando yanaanza kuegemea pengo, polepole, kama abiria kwa mathree mtu wa katikati akishuka. Jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililotolewa linaanza kushuka kutafuta mwenzake. Chakula kinajificha pale yalipoinama, yanaoza na yenyewe. Ukitaka kurudisha jino, la plastiki la kuvaa na kuvua ni elfu kadhaa na linachezacheza ukila mahindi ya kuchoma. Implanti, ile inayopandwa kwa mfupa wa taya, mara nyingi inapita laki.

Mimi lile pengo langu limeshazaa tundu kwa jino la jirani. Hiyo nilikuja kulipia thao nne na nusu kuziba. Kwa hivyo ile pesa niliyookoa 2019 ilirudi kunitafuta.

Mlango uko karibu, kiti kiko mbali

Tuongee kuhusu serikali kidogo, kwa upole.

Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kama umeajiriwa, asilimia 2.75 ya mshahara wako inaenda huko kila mwezi, utake usitake. Mpango unasema huduma za msingi kwa dispensari na kituo cha afya, yaani Level 2 na Level 3, zilipiwe na hazina ya umma. Wazo poa. Ukiwa na homa ama mtoi anaharisha, unaingia pale karibu na nyumbani.

Lakini jiulize, mara ya mwisho kuona kiti cha daktari wa meno kwa dispensari ya kijiji ilikuwa lini? Viti vingi viko Level 4 kwenda juu, kwa hospitali za kaunti ndogo na za kaunti. Kwa hivyo mlango ulio karibu na wewe hauna kiti, na mlango wenye kiti uko mbali, una laini, na una nauli. Mtu hawezi kusafiri kutoka ndani ndani huko Turkana ama Tana River kwa sababu ya kadoa keupe ambako hata hakaumi. Atasafiri siku amevimba. Na siku amevimba, mara nyingi kilichobaki ni kung'oa.

Hata ukifika, jiandae. Hospitali moja niliyoenda, sitaitaja, kiti kilikuwepo na daktari alikuwepo, lakini vifaa vya kuziba vilikuwa vimeisha. Ile mashine ya eksirei ilikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu: haifanyi kazi. Daktari hakuwa mvivu. Alikuwa na koleo na sindano ya ganzi, na kwa hivyo kila mtu kwa ile laini alipata huduma ya koleo na sindano ya ganzi.

Wataalamu nao ni wachache ukilinganisha na vinywa tulivyo navyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari wa meno 1974, Moi kule Eldoret wakafuata baadaye, na wahitimu wengi hujipata Nairobi na miji mikubwa kwa sababu ndiko kuna wateja wanaolipa. Kuna pia maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, wanaosomea KMTC, ambao wanaweza kusafisha meno, kuziba na kufunza watu kinga. Hao ndio wangekuwa dispensari. Kaunti ikikosa kuwaajiri, hakuna mtu pale wa kuona kale kadoa keupe.

Bima za kibinafsi nazo zina mchezo wao. Meno mara nyingi huwa kipengele cha kando, chenye kikomo chake, unalipa zaidi ukitaka. Kwa hivyo iwe ni SHA ama ni ya kazini, uliza kabla ya kuketi kwa kiti: ni nini kimelipiwa, hadi shilingi ngapi, na hapa mnakubali kadi yangu? Ukiuliza ukiwa umekufa ganzi, umechelewa.

Wakati huohuo, kwa Instagram

Sasa hapa ndipo kuna kichekesho. Wakati mathe wa kijijini anang'olewa jino ambalo lingezibwa, mjini tabasamu limekuwa bidhaa. Fungua TikTok dakika kumi tu. Huyu anaonyesha bresi, zile nyaya za kunyoosha meno. Yule ameweka vinia, vile vifuniko vyembamba vyeupe kama choo kipya. Mwingine anauza unga mweusi wa mkaa, anasema meno yatang'aa kwa siku tatu.

Bresi zimekuwa kama simu mpya, mtu anavaa na anataka zionekane. Zamani ulikuwa unazificha. Bei ni kama laki, inaweza kushuka kidogo ama kupita hapo mbali, na wengi hulipa pole pole kila mwezi. Sina shida na hiyo. Meno yaliyopandana ni magumu kusafisha, na kuna watu wameishi maisha yao yote wakiziba mdomo na mkono wakicheka. Kumrudishia mtu kicheko chake ni tiba, sio ubishoo.

Lakini kuna mambo matatu wasee hawaambiwi kwa zile video.

Moja, bresi juu ya meno machafu ni kama kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Chakula kinakwama kwa nyaya, na usiposafisha vizuri unaweza kuzitoa baada ya miaka miwili ukapata meno yamenyooka na yana madoa ya kuoza. Daktari wa kweli atatibu matundu na ufizi kwanza ndio afikirie nyaya. Akikufunga siku ya kwanza bila eksirei na bila kuangalia ufizi, chukua kiatu chako uende.

Mbili, zikitoka hujamaliza. Kuna riteina, kale kakifaa ka kuzuia meno yasirudi. Ukiacha kuivaa meno yanarudi yalikotoka, na laki yako pia imeenda.

Tatu, kuna watu wanafunga nyaya kwa chumba cha kusuka nywele. Meno husogezwa na nguvu iliyopimwa, na ukiipima vibaya, mzizi unalegea na jino linatoka likiwa zima kabisa. Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa na unaweza kuitafuta kwa intaneti. Dakika mbili tu. Sisi watu huchunguza rekodi ya nyumba ya kukodi, huchunguza ex wa mpenzi wetu hadi 2014, lakini mtu anayetuwekea vyuma mdomoni hatumchunguzi.

Ile ya mkaa, ndimu na magadi, wacha. Mkaa unakwaruza ugumba wa jino na ndimu ni asidi yenyewe. Jino linaonekana jeupe wiki ya kwanza kwa sababu umelisugua, halafu linaanza kuwa la manjano zaidi kwa sababu tabaka la ndani lina rangi hiyo na sasa linaonekana. Na ugumba ukienda haumei tena.

Na mwanya? Mwanya achana nao. Hapa kwetu mwanya ni urembo toka zama za nyanya zetu, na hakuna video ya kutoka Los Angeles itatuambia tuufunge.

Watu wa Nakuru, hii ni yenu

Kuna kundi moja la Wakenya ambao kila tangazo la "meno meupe" linawadunga moyoni. Kama umekulia Nakuru, Naivasha, Gilgil na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, unajua ninachosema. Meno ya kahawia. Shuleni uliitwa majina. Interviu uliongea ukiwa umefunga mdomo nusu. Watu wakadhani hupigi mswaki.

Sio uchafu. Ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floridi nyingi, na visima vinaivuta. WHO inasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na visima kadhaa kule hupita hapo mbali. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya ufizi, kuanzia kuzaliwa hadi kama miaka 8, yanatoka na madoa. Ule utafiti wa 2015 ulipata madoa hayo kwa watoto kama 4 kati ya 10 waliopimwa. Mtu mzima akihamia Nakuru leo, meno yake hayabadiliki, kwa sababu yalishaundwa.

Kuchemsha maji hakutoi floridi. Inabaki palepale, na maji yakipungua inazidi kuwa kali. Kinachosaidia ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kwa miaka, ama kumpa mtoto maji ya mvua.

Na usichanganye mambo ukaacha dawa ya meno yenye floridi. Kiasi kidogo kinachogusa jino na kutemwa hulilinda. Kinachoharibu ni ile unayomeza kila siku ukiwa mtoto. Kama uko na madoa tayari, daktari ana njia za kuyapunguza ama kuyafunika, na usikubali mtu akuuzie unga wa kusugua.

Chai, soda, na Big G ya miraa

Tusiwaachie serikali kila kitu. Kuna vitu vyetu.

Chai ya Kenya ni maziwa, majani na sukari vijiko vitatu, mara tatu kwa siku. Ongeza soda. Ile kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, wakati WHO inasema mtu mzima akiweza abaki chini ya kama 25 kwa siku nzima. Mseemaji wa miraa na muguka naye anatafuna na Big G ama soda kando, masaa sita mfululizo. Kiasi cha sukari kina shida, lakini shida kubwa zaidi ni ile ya kunywa kidogo kidogo. Kila ukipiga funda, asidi inashambulia meno kwa kama nusu saa kabla ya mate kutuliza mambo. Ukinywa soda moja na chakula, umeshambuliwa mara moja. Ukiinyonya kuanzia saa nne hadi saa nane, hujawahi kupumzika.

Na wazazi, hapa nawaomba mskie. Mtoi akifika miaka 6, jino kubwa la kwanza la ukubwani hutokea nyuma kabisa, nyuma ya meno ya utoto. Halisukumi jino lolote kutoka, kwa hivyo wengi hudhani nalo ni la utoto, litang'oka tu. Haling'oki. Hilo ndilo atakalolitumia hadi uzeeni, na ndilo hutoboka mapema sana kwa sababu hakuna anayelipiga mswaki vizuri. Leo jioni mwambie afungue mdomo, hesabu, ulione.

Kuna dawa ambayo haihitaji stima

Unajua kinachouma zaidi? Suluhisho lipo, ni la bei ya chini, na moja lilizaliwa hapa jirani.

Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, madaktari wa meno walikuwa na shida yetu hii hii: vijiji bila stima, bila mashine ya kutoboa. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti inayojishikilia kwa jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ikaenea duniani, na 1994 WHO ikaipigia debe. Inaweza kufanyiwa kwa darasa, mtoto akiwa amelala juu ya dawati.

2021, WHO iliweka dawa ya meno yenye floridi, simenti hiyo ya kuziba, na dawa ya majimaji yenye fedha na floridi kwa orodha yake ya dawa muhimu. Hiyo ya fedha inapakwa juu ya tundu kwa brashi ndogo na kusimamisha kuoza. Inaacha doa jeusi, ni kweli, lakini kwa jino la utoto la nyuma, doa jeusi ni afadhali kuliko usiku wa saa nane.

Sasa fikiria afisa mmoja wa afya ya kinywa, sanduku moja, pikipiki moja, na shule za msingi za wadi nzima, mara mbili kwa mwaka. Hakuna jengo la kufungua na utepe. Hakuna kiti cha mamilioni. Pengine ndio maana halipendwi na wanasiasa, kwa sababu jino lililookolewa halina mahali pa kuandika jina la mheshimiwa. Lakini ukikutana na MCA wako akitafuta kura, muulize hilo swali moja: afisa wa meno wa hii wadi ni nani na huja shule yetu lini?

Wewe fanya hivi

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ile ya usiku usiiruke hata kama umechoka vipi. Dawa iwe na floridi. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi, acha dawa ibaki ikifanya kazi. Mtoto chini ya miaka 3 mpe kiasi cha punje ya mchele. Wa 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Mswaki wa mti sio ushamba, ukiutumia vizuri unasafisha, lakini hauna floridi.

Nenda ukaangaliwe wakati hakuna kinachouma. Kama uko Nairobi na umesota, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko na wanafunzi wanaotibu wakisimamiwa na wakubwa wao. Itachukua muda mrefu zaidi kwa kiti, lakini bei ni nafuu.

Ukiambiwa "tung'oe," uliza maswali matatu kabla ya kufungua mdomo: linaweza kuokolewa, ni pesa ngapi, na naweza kulipa kwa awamu? Saa zingine jibu bado litakuwa kung'oa, na hiyo ni sawa. Angalau umechagua.

Na hii usicheze nayo: shavu ama chini ya kidevu kumevimba na una homa, kumeza kumekuwa kugumu, ulimi umeinuka, ama mdomo haufunguki, hiyo haingoji asubuhi na haingoji antibiotiki za duka la dawa. Maambukizi ya jino la chini yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo.

Mimi mwezi uliopita nilirudi kwa kiti, na kwa mara ya kwanza nilienda bila kuuma popote. Daktari alizunguka mdomo mzima na kile kichuma chake, akapata kadoa kamoja juu, upande wa kushoto. Nililipa thao tatu, nikatoka baada ya dakika thelathini na tano, nikaenda kula chapo madondo nikitafuna pande zote mbili.